Butaro: Hospitali Ambayo Kuta Zake ni Kinga

Ndugu msomaji, umepata kujiuliza ni kwa nini mtu aliyelazwa hospitalini kwa ajili ya mguu huweza kurudi nyumbani na maradhi ya kifua? Jibu mara nyingine halimo katika dawa wala katika ujuzi wa madaktari, bali limo katika kuta, madirisha na dari. Twende Butaro tukalione.

Butaro imo katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda. Ukitoka Kigali utapanda na kushuka vilima vilivyolimwa hadi vileleni. Juu ya kilima kimoja utayaona majengo yenye kuta za mawe ya volkano, yaliyopangwa na waashi kwa ustadi hata saruji isionekane. Mawe hayo ni yale yale yanayowasumbua wakulima mashambani. Hapo awali wilaya hiyo, yenye watu zaidi ya laki tatu, haikuwa na hospitali ya wilaya. Hii ilifunguliwa mwaka 2011.

Utashangaa kuona kwamba njia za kupitia haziko ndani ya majengo. Wagonjwa na jamaa zao hupita na kungoja katika baraza za nje, zilizo wazi kwa upepo. Mpango huo una somo la msiba nyuma yake. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba huko Tugela Ferry, Afrika Kusini, wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu. 52 kati yao walifariki. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo. Wasanifu wa Butaro, kundi la MASS Design Group, walikusudia jengo lao lisiwe njia ya kuambukizana.

Ingia wodini. Vitanda vimepangwa kandokando ya ukuta mfupi wa katikati, ili kila mgonjwa aelekee dirishani na kuyatazama mabonde. Hewa safi huingia kwa madirisha ya chini, na iliyochoka hupanda na kutokea ya juu. Panka kubwa huzunguka polepole darini na kuipandisha hewa hadi kwenye taa za miale ya urujuanimno, ambayo huua vijidudu.

Sasa rejea chumbani kwako. Je, kabati limeziba dirisha? Je, mwenye nyumba ameongeza chumba cha kupangisha ubavuni, upepo ukakosa pa kupita? Je, jiko la mkaa huingizwa ndani usiku wa baridi, nalo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua jamii nzima usingizini?

Ni kweli kwamba wezi na mbu hutulazimisha kufunga. Lakini nondo humzuia mwizi, na wavu humzuia mbu, bila kuuzuia upepo. Madirisha mawili yanayokabiliana hupitisha hewa kuliko moja kubwa. Na mwenye kikohozi kisichokoma apelekwe zahanati, na kitanda chake kikae karibu na dirisha.

Basi, siku utakapokaa na fundi kupatana bei ya matofali, muulize pia: upepo utaingilia wapi, na utatokea wapi?