Mto Musonoi, mega na antena

Mama anayelima pembeni ya mto Musonoi, hapa Kolwezi, anapima maji kwa macho. Asidi ikipita usiku, asubuhi anamwagilia mboga bila habari.

Kifaa cha kupimia kingeiona. Hakingoji umeme wa SNEL: betri ndogo yamtosha. Kwa njia ya redio iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa, kinaamka, kinatuma tarakimu chache kwa nguvu ya miliwati 25 hivi, kinalala tena. Siri yake ni kusema polepole sana; ndiyo maana mahali pa wazi kinasikika kilomita kadhaa, bila SIM wala mega.

Ila antena inayopokea, yenyewe inataka intaneti kila mwezi. Goma wanalijua hilo. Msaada wa wafadhili ulipoisha mwaka 2020, kituo kinachochunguza volkano kilikaa miezi bila intaneti, na vipimo vya Nyiragongo havikuwafikia wataalamu. Intaneti ilirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei lava ikashuka, na mamia ya maelfu wakakimbia.

Basi anayekuja kufunga vifaa Musonoi aulizwe mapema: mega za mwaka wa pili atalipa nani? Na nani atazisoma tarakimu redioni, kwa Kiswahili, kabla mama hajachota?