Kutoka Igumbilo Hadi Uyole, Peke Yangu

Kabla ya safari hii Uyole niliijua kwa maharage tu. Njano Uyole, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha huko, ni maarufu hata kwetu Iringa. Safari hii nilikuwa namfuata mtu: binti mmoja tuliyezoeana kwenye mazoezi ya viungo, sote tukiwa tumepatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 40. Aliporudi kwao kujiuguza tuliendelea kupigiana simu, kisha akawa hapokei. Siku moja alipokea mama yake. "Mwalimu," akaniambia, "mwenzio anatembea sasa, ila yeye mwenyewe sijui amekwenda wapi."

Nyumbani walitaka nisindikizwe, nikakataa. Tangu niugue nilikuwa sijapanda basi bila mtu pembeni yangu, na kilichonizuia hakikuwa mguu. Ilikuwa hofu. Usiku nasikiliza mapigo ya moyo. Kichwa kikigonga kidogo, najiambia ndicho hicho kimerudi.

Alfajiri, stendi ya Igumbilo ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Ulimi wangu bado mzito, kwa hiyo nilipotaja ninakokwenda konda alinikazia macho, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Huyu keshapiga mbili tatu." Saa kumi na mbili asubuhi! Nikampa tiketi kwa mkono wa kushoto, nikapanda. Mzee akiburuta mguu hupishwa kiti. Sisi wengine tunaulizwa tumelewa wapi, au nani katuroga.

Tulipoiacha Mafinga na kuingia kwenye mipaini ya Sao Hill, vidole vikaanza kufa ganzi. Moyo ukaenda mbio, pumzi ikawa fupi, jasho likanitoka mgongoni. Nilitaka kupiga kelele gari lisimame. Nikayakumbuka maelezo ya mtaalamu wangu wa mazoezi: kiharusi huja ghafla, na kwa kawaida hushika upande mmoja, uso huenda upande, mkono hulegea, maneno hupotea. Hofu mara nyingi huchomachoma mikono yote miwili na kuzunguka midomo, hupanda, kisha hushuka baada ya dakika kadhaa. Ukiwa na shaka usibahatishe, wahi hospitali.

Nikajitazama kwenye kioo cha simu, nikatabasamu. Midomo ilikaa sawa. Nikainua mikono yote miwili, wa kulia ukichelewa kama siku zote. Kisha nikamgeukia mama niliyekaa naye, nikamwomba anisikilize nikitaja majina ya wanafunzi wangu.

"Taja, mwanangu," akasema, kana kwamba huombwa hivyo kila siku.

Nikataja darasa zima. Tulipofika Nyololo pumzi ilikuwa imerudi, na zamu ya kusimulia ikawa yake. Mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka 31, aliangukia shambani. Alikuwa na presha, na hajawahi kupimwa hata mara moja.

Tumezoea kuuita huu ugonjwa wa wazee, na kweli wao ndio wengi. Lakini duniani, kati ya kila wagonjwa 100 wa kiharusi, takriban 10 hadi 15 hawajavuka miaka 50. Utafiti uliofanywa nchini kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam, kiwango kilichozidi cha nchi nyingi tajiri. Presha ndiyo kisababishi kikubwa. Kwa vijana huongezeka selimundu, VVU, magonjwa ya moyo na kifafa cha mimba.

Makambako nilishuka kunyoosha mguu, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikapanda tena bila kushikwa mkono. Baada ya Igawa joto la Usangu likatupokea. Tukapita Chimala, tukapita Igurusi yenye magunia ya mchele kandokando ya barabara, kisha injini ikaanza kulalamika kwenye kilima cha Inyala na baridi ikarudi.

Uyole iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na shughuli zake zinazunguka njia panda. Barabara moja inaingia Mbeya mjini na kuendelea Tunduma; nyingine inakata kushoto kwenda Tukuyu hadi mpaka wa Malawi. Malori ya Zambia yanapumua moshi, bajaji zinapenya katikati yake, ndizi na maparachichi ya Rungwe yamepangwa chini. Nilishuka katikati ya kelele zote hizo nikasimama kwa miguu yangu, nikacheka peke yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema nilipofika kwao.

"Marahaba, mwanangu. Ndaga fijo kwa kuja." Akanipokea mfuko, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Ndani pazia lilikuwa limefungwa. Mwenzangu alikaa kitandani na ungo wa maharage mapajani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikamata kokoto moja, ikaponyoka, vikaikamata tena. Alipata kiharusi siku chache baada ya kujifungua, presha ikiwa juu. Mtoto sasa anatambaa, na alikuwa sebuleni kwa bibi yake.

"Silali, dada," akasema. "Chakula hakina ladha. Mtoto akilia, nasikia kama analia kwa jirani. Kila anayekuja ananiambia nishukuru Mungu niko hai. Nashukuru. Akiondoka nalia."

"Unawaza kufa?"

Akaacha ungo. "Nawaza nisiamke tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kumuuliza mtu swali hilo hakumtii wazo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Nikamwambia ninachokijua. Takriban theluthi ya wanaopona kiharusi hupata sonona katika miaka ya mwanzo, na takriban robo huandamwa na hofu kama yangu. Jeraha la ubongo lenyewe huchangia, na juu yake huja kazi iliyopotea, ndoa inayoyumba, mtoto unayeshindwa kumbeba. Asiyetibiwa sonona hukata tamaa hata ya mazoezi, akaacha na vidonge vya presha. Anayetibiwa hupewa ushauri nasaha, na akihitaji, dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Dawa hizo si za vichaa?"

"Hapana, mama. Kiharusi kilimwachia mguu na kikamwachia hili. Mguu tuliutibu."

"Sisi tulidhani anadeka."

"Nilisikia mkisema," binti akajibu.

Kesho yake tulipanda daladala kwenda mjini, kliniki ya afya ya akili, mtoto mgongoni kwa bibi yake. Alikaa ndani na daktari muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, mkononi ana cheti cha dawa na kadi ya kurudi.

Mama akaichukua kadi, akaisogeza mbali na macho aisome. "Alhamisi hiyo tunachimba viazi."

"Mtachimba wenyewe," mwenzangu akasema, akinyoosha mkono wa kushoto arudishiwe kadi yake. "Mimi nina miadi."