Uji wa Saa Nne

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Tulimshukuru Mungu ibadani. Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, kupata wa kukaa naye ni jingine. Binti mmoja wa usharika wetu alirudi kidato cha pili; wenzake wakamwita "mama mtoto", na wakati wa mapumziko akawa anakaa peke yake. Sisi akina mama tulipanga zamu za kumlelea mwanawe, maana akili haitulii darasani mtoto akilia nyumbani. Mabinti wa kwaya, bila kutumwa na mtu (hata sisi tulishangaa), wakaanza kunywa naye uji wa saa nne. Yesu alipokutana na yule mwanamke Msamaria kisimani, alianza kwa kumwomba maji. Wao walimwomba awaelekeze hesabu.