Somo la Mpira Mdogo

Mpira wa gofu ni kitu kidogo. Uzito wake haupiti gramu 46, na upana wake ni milimita 43 hivi. Haukimbii, haurukiruki, wala hapana mpinzani ajaye kukunyang'anya. Umetulia majanini ukikungoja. Mtu aliyezoea kandanda, ambako mpira mmoja hufukuzwa na watu ishirini na wawili, akiuona hucheka. Mimi nami nilicheka, na kicheko hicho kikanirudia.

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari huko bara. Nyuma ya shule palikuwa na kiwanja cha gofu kilichoachwa na wakoloni. Mimi na wenzangu tulikiita kiwanja cha mabwanyenye, wala hatukukosea sana. Mchezo huo asili yake ni Uskoti, ambako kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Edinburgh mwaka 1744. Kwetu uliletwa na watawala. Siku za ukoloni, Mwafrika aliingia katika kiwanja kile kwa kazi mbili tu: kufyeka majani na kubeba mfuko wa fimbo za bwana.

Mmoja wa wabebaji hao alikuwa angali hai, naye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kiwanja. Alianza kubeba fimbo akiwa mtoto, kabla ya vita kuu kwisha mwaka 1945. Hakuna aliyemfundisha kucheza. Alitazama tu, na jua lilipokuchwa yeye na wenziwe walikata matawi ya mpera yaliyopinda, wakapiga mipira waliyoiokota vichakani. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima.

Jumamosi moja nilimwomba anijaribishe. Alinipa fimbo kuukuu yenye kichwa cha chuma. Nikaishika kwa nguvu zangu zote, nikaiinua kama mpasua kuni, nikaishusha. Vumbi likatimka. Lilipotulia, mpira ulikuwa pale pale. Nikarudia, nikachimba shimo. Wanafunzi waliokuwa wakipita njiani wakasimama kutazama, na mara nikasikia vicheko vikizuiliwa viganjani.

"Mwalimu," mzee akauliza kwa upole, "una ugomvi nao?"

Kisha akaanza somo. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, viganja vishikane. "Wewe umelima," alisema. "Anayelikaba jembe hutoka malengelenge kabla ya jua kupanda. Mkulima huliinua tu. Uzito wa jembe ndio unaolima. Na fimbo ni hivyo hivyo." Akanionyesha uso wa chuma jinsi ulivyolala kidogo. "Usijaribu kuuinua mpira. Kazi hiyo ni ya mlalo huu. Wewe piga kwenda chini, nao utapanda wenyewe. Tena usiinue kichwa kuutazama. Sauti itakuambia ulikokwenda."

Juma zima la kwanza hakunipa mpira. Aliniamuru nikate ncha za majani kwa fimbo, kwenda na kurudi, mpaka mabega na kiuno vizoeane. Juma la pili akaniwekea mpira, nikasahau yote. Jioni moja nilihesabu mapigo arobaini niliyokosa. Mzee hakunicheka wala hakunikemea. Kila nilipokosa alisahihisha jambo moja tu, akanyamaza.

Nilipokuwa nimesimama pale, jasho likinitiririka, nilimkumbuka mvulana mmoja wa kidato cha pili. Aljebra ilimshinda. Wiki chache kabla ya hapo nilimwambia mbele ya wenziwe kwamba kichwa chake ni kizito kama jiwe. Darasa lilicheka, nami nikaona nimefanya kazi yangu. Tangu siku ile mvulana yule hakuinua mkono tena. Nami sasa nilikuwa na shahada yangu, na mpira usiokwenda popote, mbele ya mzee ambaye angeweza kunitendea kama nilivyotenda mimi. Hakunitendea hivyo.

Jumatatu nilimwita yule mvulana baada ya vipindi. Nilimtaka radhi, jambo ambalo walimu wa wakati wetu hawakulizoea. Kisha tukaanza upya, hatua moja, kosa moja kwa siku. Hakupata kuwa wa kwanza darasani. Lakini kabla ya mwaka kwisha, mkono wake ulikuwa ukiinuka tena.

Mpira wangu nao ulikwenda hatimaye. Ilikuwa asubuhi yenye umande, nami nilikuwa nikiwaza mambo mengine. Nilisikia mlio mkavu, mfupi. Mikono haikuhisi uzito wowote. Nilipoinua kichwa, mpira ulikuwa bado unapanda. "Leo umesahau nguvu zako," mzee akasema. Pigo lililofuata nilichimba shimo.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba kujifunza kutoka kwa wageni si kuacha vyetu. Maana ya maneno hayo niliiona kiwanjani. Fimbo ilitoka Uskoti, lakini aliyenifundisha kuishika alikuwa mkulima wa kwetu, na hekima aliyonipa ilikuwa ya jembe. Wageni walimwona mbebaji. Nasi wasomi, tuliorithi macho yao, karibu tumwone hivyo hivyo.

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita, nami nimestaafu. Lakini kwa muda wote niliofundisha, kila muhula mpya ulipokaribia nilikwenda kiwanjani peke yangu, nikakosa mpira mara kadhaa, nisije nikasahau jinsi mwanzo ulivyo.