Mgeni na Chombo cha Safari Dar es Salaam

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Msafiri wa Kenya ashukapo Dar es Salaam huyakumbuka maneno hayo upesi, ijapokuwa lugha aisikiayo ni ile ile aijuayo. Kituo kikuu cha mabasi kipo Mbezi Luis, mbali na katikati ya mji. Kilifunguliwa mwaka 2021 mahali pa kile cha Ubungo. Hapo, kabla mgeni hajauinua mzigo wake, watu watatu wamekwisha kuushika, kila mmoja akisifu chombo chake.

Tumfikirie mkulima wa Kitale aendaye Dodoma kumtazama bintiye aliyelazwa hospitali. Fedha alizo nazo ni za nauli na dawa, wala hana nyingine. Akipanda gari la kwanza bila kupatana bei, huenda akafika salama na dawa asiweze kuzinunua. Tena shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi nyingi za Tanzania. Tarakimu kubwa zisimtishe, wala zisimlevye.

Vyombo vya mjini ni vingi. Daladala, nduguye matatu, nauli yake ni ndogo, lakini hujaa, na mwenye mizigo hutaabika. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana njia yao peke yao, kwa hiyo hupita msongamano wa Barabara ya Morogoro. Bajaji yafaa safari fupi. Pikipiki huwahi, lakini apandaye bila kofia ngumu aweza kulazwa kitanda cha pili na mgonjwa wake.

Kwenda Dodoma, basi huchukua sehemu kubwa ya siku. Treni ya umeme, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, huchukua saa chache tu. Lakini stesheni yake iko mjini, na basi huondokea Mbezi. Basi yampasa mkulima ahesabu pia muda na nauli ya kwenda mjini. Aliyekata tiketi mapema, kwa kitambulisho chake, treni itamfaa. Asiyekata, na akakuta nafasi zimejaa, atajuta kuliacha basi.

Hapana chombo kilicho bora kwa kila mtu. Yafaa mgeni aketi kwanza juu ya mzigo wake, aulize watu wawili wasiouza tiketi, ndipo atoe fedha. Kuuliza si ujinga, na bintiye anamngojea.