Wao Hupumzika, Sisi Hukesha

Ukipita Majengo usiku wa manane kati ya Oktoba na Aprili, usishangae kuona mwanga wa simu madirishani. Hao si wanafunzi wanaodurusu. Ni vijana wetu wanaofuatilia mpira wa vikapu wa Marekani. Mechi inayoanza New York saa moja na nusu jioni wakati wa baridi yao, hapa kwetu ni saa tisa na nusu usiku. Nao hawakeshi kwa mapenzi ya mchezo pekee, la hasha! Wametia pesa.

Mmoja wao ni mpwa wangu, muuza mashati ya mitumba pale Gikomba. Kijana huyu ana daftari. Si daftari la madeni, ingawa hilo nalo lingemfaa. Humo huandika kila timu imepumzika siku ngapi kabla ya mechi. Iliyocheza jana ikasafiri usiku kucha, asema, miguu yake ni mizito. Ikikutana na iliyolala siku mbili, yeye huweka dau lake kwa iliyolala. "Mjomba, hii si kamari, ni hesabu," huniambia.

Nami sina budi kumpa haki yake, kwani uchovu ni jambo la kweli. Katika ligi ya NBA kila timu hucheza mechi 82 kwa muda wa takriban miezi sita, na mara zaidi ya kumi kwa msimu hucheza siku mbili mfululizo. Mnamo Novemba 29, 2012, kocha Gregg Popovich wa San Antonio aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginobili na Danny Green kabla ya mechi ya Miami, kwa kuwa ilikuwa ya nne katika siku tano. Ligi ikaitoza timu yake faini ya dola 250,000. Lakini ligi yenyewe, kuanzia msimu wa 2017/18, iliondoa kabisa ratiba ya mechi nne katika siku tano. Ikiwa wenye mchezo wamekiri kwamba wachezaji huchoka, mimi ni nani nibishe?

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye handikapu. Kampuni ya kamari haikuulizi tu nani atashinda, bali hukuuliza atashinda kwa pointi ngapi. Tuseme timu iliyopumzika imepewa handikapu ya pointi sita na nusu. Lazima ishinde kwa pointi saba au zaidi, la sivyo pesa zako zimekwenda. Sasa jiulize, msomaji, ni nani aliyeweka hiyo sita na nusu? Ni mtu mwenye ratiba ileile aliyo nayo mpwa wangu. Ameshaona nani alilala na nani alisafiri, akaongeza pointi zake hapo. Pumziko limekwisha kulipiwa kabla kijana hajafungua daftari. Isitoshe, timu iliyopumzika mara nyingi ndiyo inayocheza nyumbani, kwa hivyo huwezi kujua kama kilichoisaidia ni usingizi au uwanja wake.

Hata ile mechi ya Miami yatosha kukuonyesha. San Antonio walicheza bila vigogo wao, na bado walishindwa kwa pointi tano tu, 105 kwa 100. Aliyetaka Miami washinde kwa saba alilala njaa.

Siku moja nilimwomba mpwa wangu aongeze safu mbili daftarini: handikapu ilikuwa ngapi, na je, ilivukwa? Tulikaa barazani kwa mamake tukahesabu. Timu zilizopumzika zilikuwa zimeshinda mechi nyingi kweli. Lakini zilizovuka handikapu zilikuwa karibu nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu.

Na nusu kwa nusu si sare, msomaji. Dau la shilingi 100 likikufaidi kwa shilingi 90, ukicheza mara 100 ukashinda 50, unapata 4,500 na kupoteza 5,000. Ili usile hasara wahitaji kushinda mara 53. Na hapo sijagusa makato ya serikali.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo daftarini. Beli ya mitumba hufunguliwa alfajiri, na mwenye macho makali ndiye anayenyakua kamera, yaani zile nguo safi za juu. Anayefika baada ya kukesha na Denver hufikiwa na mashati yenye kola zilizochakaa. Dada yangu ameyaona yakirudi nyumbani jioni bila mnunuzi, na pesa za kibanda alizokuwa akimwekea mwanawe zikipungua kila wiki. Ndiye aliyeniita.

Kijana hajaacha, sitakudanganya. Anasema bado anatafuta ligi ndogo ambazo wenye kampuni hawazitazami sana. Ila amekubali kwamba usiku wa kuamkia siku zake mbili za kufungua beli, simu italala kwa mamake baada ya sala ya isha. Zimebaki siku tano.