Njia ya Basi na Mkesha wa Sikukuu



Aliyepata kusubiri treni hapa Rissne anaujua ukuta wa kituo chetu, kilichofunguliwa mwaka 1985. Umeandikwa historia ya dunia, tangu yapata miaka 3000 kabla ya Nabii Isa hadi mwaka huo, kwa ramani na maelezo. Mimi niliyefundisha historia huwa naiacha treni ipite ili nisome kidogo. Sikudhani kwamba iko siku tarehe zingenifaa barabarani.

Ijumaa, 5 Januari 2024, yapata saa mbili asubuhi, nilikuwa nampeleka mke wangu kliniki. Baridi ilikuwa kali mno, na theluji ilikuwa imeyafunika maandishi ya BUSS yaliyopakwa barabarani. Nikaingia njia ya mabasi bila kujua, nikishukuru kwamba leo hakuna foleni! Askari kijana akanisimamisha, akanieleza kosa langu kwa adabu, akanipa karatasi ya faini niitie saini.

Nakiri kwamba kalamu ilikuwa imekwisha kuwa mkononi. Wengi wetu tumekuja na hofu ya sare, na twaona kutia saini ndiko kumaliza maneno. Mke wangu akanizuia: "Mwalimu, si wewe uliyekuwa ukiwakataza watoto kutia saini wasichokisoma?" Nikamwambia askari kuwa siikubali. Hakukasirika. Aliandika, akasema shauri litakwenda kwa mwendesha mashtaka.

Hapa Uswidi, karatasi ile ukiitia saini huwa na nguvu ya hukumu. Kuikataa si ukaidi. Mwendesha mashtaka ndiye aamuaye kama kuna kesi. Ikifika mahakamani, nayo kwetu ni Mahakama ya Wilaya ya Solna, asiyejua Kiswidi huwekewa mkalimani. (Faini ya kuegesha gari ni jambo jingine: hiyo hulipwa kwanza hata ukiipinga, na ukishinda hurudishiwa.)

Jioni nilirudi kwa miguu pamoja na mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa akijifunza udereva. Chini ya alama ya basi palikuwa na kibao: 7–9, 15–18. Akanifundisha, nami nikawa mwanafunzi. Saa zisizo na mabano ni za siku za kazi. Zilizo ndani ya mabano ni za mkesha wa Jumapili au wa sikukuu. Nyekundu ni za Jumapili na sikukuu zenyewe. Kibao kile hakikuwa na mabano hata moja. Na kesho yake, 6 Januari, ilikuwa sikukuu ya Wakristo ya siku ya kumi na tatu ya Krismasi. Basi Ijumaa ile ilikuwa mkesha, na njia ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Hata hivyo moyo haukutulia, kwani nilipoingia njia ile sikujua habari ya mabano wala ya mkesha. Nilimwuliza mke wangu kama ni haki kuokolewa na jambo nisilolijua. Akasema sheria haikuuliza nilijua nini. Iliuliza ilikuwa siku gani.

Jibu lilifika kabla ya Ramadhani: shauri limefungwa. Sasa ndani ya gari mna kalenda mbili, ile ya hijria na ile ya Kiswidi, ambayo mjukuu ameitia alama ya kalamu katika kila mkesha.